Carl Friedrich Gauss: mtoto wa kibarua aliyefundisha dunia kukadiria kisichoonekana

Jioni inapoingia katika Masisi, taa ndogo za paneli za jua zinaanza kuwaka huku na kule kwenye vilima. Katika vituo vya biashara kama Rubaya na Kitshanga, grupu za mazutu na za esanse zinanguruma mbele ya maduka, kwa wanaochaji telefone na kwa wanaouza vinywaji baridi. Nyumba nyingine nyingi zinabaki na tochi ao mshumaa. Huko Walikale, ndani ya pori kubwa, mto Lowa unateremka kuelekea Lualaba na nguvu zake zote, na wakaaji wengi walio kando yake hawajaona waya wa umeme.

Mtu akiuliza ni sehemu gani ya umeme unaotumiwa huko inatoka kwa jua na maji, na ni sehemu gani inatoka kwa mazutu, hakuna konteri ya kumjibu. Swali hilo si la Kivu ya Kaskazini peke yake. Hata katika nchi tajiri, mamilioni ya paneli ziko juu ya mapaa ya watu, na wanaoendesha mitandao ya umeme hawazioni moja kwa moja. Siku hizi wanatumia kompyuta zinazojifunza kutoka kwa vipimo vya zamani, kisha zinakadiria kile kisichopimwa. Watu wanaita kazi hiyo akili mnemba, na wengi wanaiona kama kitu cha jana. Lakini mzizi wake mmoja ni wa zamani sana. Unatoka kwa mtu aliyekufa mwaka wa 1855, kabla taa ya umeme haijaingia katika nyumba za watu: Mjerumani Carl Friedrich Gauss.

Mama aliyekumbuka siku, si tarehe

Gauss alizaliwa katika mji wa Braunschweig, Ujerumani, mwaka wa 1777, katika familia ya watu wa chini. Baba yake alifanya kazi nyingi za mikono: uashi, bustani, na vibarua vingine vya kutafuta chakula. Mama yake, Dorothea, alikuwa mtoto wa familia maskini na hakuwa na masomo. Hakuandika tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto wake. Alichokumbuka ni kwamba ilikuwa siku ya Jumatano, siku nane mbele ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana.

Mama wengi wa Masisi na Walikale wanakumbuka kuzaliwa kwa watoto wao kwa njia hiyo: ilikuwa wakati wa mavuno ya maharagi, ao mwaka ule tulipokimbia vita. Gauss, alipokuwa mtu mzima, alichukua maneno ya mama yake kama kipimo. Sikukuu ya Kupaa inafuata Pasaka, na Pasaka inahama kila mwaka kwa kufuata mwezi. Akatunga hesabu ya kutafuta tarehe ya Pasaka ya mwaka wowote, na kwa njia hiyo tarehe yake ikajulikana: 30 mwezi wa nne 1777. Kazi yake yote inafanana na jambo hilo: kuchukua habari kidogo, isiyo kamili, na kuifuata kwa hesabu mpaka itoe jibu.

Inasimuliwa kwamba kwenye shule ya msingi, mwalimu alitaka watoto wanyamaze, akawaambia wajumlishe namba zote kuanzia 1 mpaka 100. Gauss aliona kwamba 1 na 100 ni 101, 2 na 99 ni 101, na hivyo hivyo mara 50. Akatoa jibu, 5.050, wakati wengine walikuwa wangali wanaandika mistari ya kwanza.

Baba yake hakuona faida ya masomo marefu. Lakini walimu wake walisema kwa niaba yake, na habari zake zikafika kwa mtawala wa Braunschweig, Carl Wilhelm Ferdinand, aliyekuwa kama mwami wa eneo hilo. Mtawala akakubali kumlipia masomo. Bila feza hizo, inawezekana Gauss angebaki fundi wa mji wake, na jina lake lingepotea. Kwa masomo hayo alifika kwenye chuo kikuu cha Göttingen mwaka wa 1795. Mwaka wa 1801, akiwa na miaka 24, alitoa kitabu kikubwa juu ya namba ambacho wataalamu wa hesabu wangali wanakiheshimu.

Nyota iliyopotea

Mwaka huohuo wa 1801 ndipo jina lake lilienea Ulaya nzima. Tarehe 1 mwezi wa kwanza, padri mtaalamu wa nyota, Giuseppe Piazzi, aliona huko Palermo, Italia, nukta ndogo ya mwangaza iliyokuwa ikihama usiku baada ya usiku. Aliifuata mpaka tarehe 11 mwezi wa pili, kisha ikapotea karibu na mwangaza wa jua. Ilipewa jina la Ceres. Katika siku hizo zote ilikuwa imetembea sehemu ndogo tu ya mbingu, karibu nyuzi 3, sawa na upana wa mbalamwezi sita zilizopangwa kando kwa kando.

Wataalamu walijiuliza: itatokea wapi tena? Kipande cha njia kilikuwa kifupi sana, na vipimo vya Piazzi, kama vipimo vyote, vilikuwa na makosa madogo. Wengi walijaribu wakakosa. Gauss alikaa na hesabu zake, akasema waangalie sehemu nyingine kabisa ya mbingu, tofauti na ile waliyoitaja wenzake. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili, Franz Xaver von Zach akaiona Ceres karibu na pale Gauss alipoonyesha. Siku iliyofuata, Wilhelm Olbers naye akaiona.

Siri yake haikuwa kuwa na vipimo vingi kuliko wengine. Ilikuwa namna ya kutendea makosa. Gauss hakuyaficha wala hakutupa vipimo visivyompendeza. Alikubali kwamba kila kipimo kina kosa lake, akatafuta jibu linalofanya makosa yote kwa pamoja yawe madogo iwezekanavyo.

Hesabu hiyo inaitwa njia ya miraba midogo zaidi. Chukua mfano wa turbini ndogo kwenye kijito cha Masisi. Fundi ameipima mara nne kwa siku tofauti, akapata kilowati 18, 20, 21 na 25. Nguvu yake ni ngapi? Tuseme 20. Tofauti na vipimo ni 2, 0, 1 na 5. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, kisha jumlisha: 4, 0, 1 na 25 ni 30. Tuseme 22: tofauti ni 4, 2, 1 na 3, na jumla ya miraba inakuwa 30 tena. Tuseme 21: tofauti ni 3, 1, 0 na 4, na jumla inashuka mpaka 26. Hakuna namba nyingine inayotoa jumla ndogo kuliko hiyo. Basi 21 ndilo kadirio bora, na ukubwa wa makosa yaliyobaki unamwambia fundi aamini namba hiyo kwa kiasi gani.

Njia hiyo ilileta ugomvi. Mfaransa Adrien-Marie Legendre aliitoa katika kitabu mwaka wa 1805. Gauss aliitoa katika kitabu chake mwaka wa 1809, akaandika kwamba alikuwa akiitumia tangu 1795. Legendre alikasirika, na alikuwa na sababu: mwenye kutangaza kwanza ndiye anayestahili heshima ya kutangaza. Gauss alikuwa na tabia ya kufungia kazi zake katika sanduku mpaka aone zimeiva. Tabia hiyo iliwaumiza wenzake zaidi ya mara moja. Hata hivyo, ni yeye aliyeunganisha njia hiyo na hesabu ya bahati, na kuonyesha kwamba makosa ya vipimo mara nyingi yanajipanga katika umbo la kengele: mengi ni madogo, machache ni makubwa.

Vita na misiba

Maisha yake hayakuwa ya raha. Mwaka wa 1806, majeshi ya Napoleon yalipiga majeshi ya Prussia. Mtawala aliyemsomesha aliumizwa katika mapigano hayo na akafa. Gauss akabaki bila mtegemezi, ana bibi na mtoto. Mwaka wa 1807 akapewa uongozi wa kituo cha kuangalia nyota huko Göttingen, na hapo alikaa mpaka mwisho wa maisha yake.

Bibi yake wa kwanza, Johanna, alikufa mwaka wa 1809, nyuma ya kuzaa mtoto wao wa tatu. Miezi michache baadaye, mtoto huyo naye akafa. Gauss alioa tena mwaka wa 1810. Bibi wa pili, Minna, aliugua muda mrefu akafa mwaka wa 1831. Vijana wake wawili, Eugen na Wilhelm, walihamia Marekani, na Eugen aliondoka nyuma ya kugombana na baba yake. Mama yake, yule asiyejua tarehe, aliishi naye Göttingen miaka mingi. Alipofika uzee akawa kipofu, na mtoto wake akamtunza mpaka alipokufa mwaka wa 1839, akiwa amepita miaka 90.

Kioo cha jua na waya juu ya mapaa

Katika miaka ya 1820, serikali ilimpa Gauss kazi ya kupima ardhi ya ufalme wa Hannover kwa ajili ya ramani. Alitembea mwenyewe vilimani, mara nyingi kwa joto na kwa magari mabovu ya farasi. Ili kuona kutoka mlima mmoja mpaka mwingine, alibuni chombo chenye vioo kinachorusha mwangaza wa jua mahali anapotaka mpimaji, makumi ya kilometa mbali. Kila pembe ilipimwa tena na tena, na njia ya miraba midogo ikafanya kazi ya kupatanisha vipimo. Wakati huohuo alionyesha jambo lingine: kipimo kipya kikija, hakuna haja ya kuanza hesabu yote upya. Kadirio la zamani linaweza kurekebishwa kidogo kwa kufuata habari mpya. Mashini zinazojifunza leo zinafuata wazo hilohilo.

Kutoka ardhini aliingia katika sumaku na umeme. Mwaka wa 1831, mtaalamu kijana wa fizikia, Wilhelm Weber, alifika Göttingen, na urafiki mkubwa ukazaliwa. Mwaka wa 1833 walipitisha waya juu ya mapaa ya mji, urefu wa kilometa moja na zaidi, kutoka kituo cha nyota mpaka chumba cha fizikia. Walitumiana maneno kwa umeme katika waya huo. Ilikuwa mojawapo ya telegrafu za kwanza za umeme duniani. Walianzisha pia umoja wa vituo vya kupima sumaku ya dunia, ambapo watu wa nchi mbalimbali walipima kwa saa moja na kulinganisha. Jina la Gauss lilipewa kipimo kimoja cha sumaku.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawakumsifu. Mwaka wa 1837, mfalme mpya wa Hannover alifuta katiba. Walimu saba wa chuo kikuu waliandika barua ya kupinga, wakafukuzwa. Weber alikuwa mmoja wao, na mkwe wa Gauss, Heinrich Ewald, alikuwa mwingine. Gauss, aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote, hakuinua sauti mbele ya watu. Aliogopa siasa na alipenda utulivu. Kwa kunyamaza alilinda kazi yake, lakini alipoteza mwenzake wa karibu.

Katika uzee wake alifanya kazi nyingine ya makadirio: alichunguza sanduku la feza la wajane wa walimu wa chuo kikuu, ili ijulikane kama litaweza kuwalipa wajane katika miaka itakayokuja. Hapo namba hazikuwa nyota wala milima. Zilikuwa chakula cha wanawake na watoto. Kadirio baya lingewaacha na njaa.

Gauss alikufa Göttingen tarehe 23 mwezi wa pili 1855, akiwa na miaka 77. Mwaka wa 1991, Ujerumani iliweka sura yake kwenye noti ya mark 10, pamoja na lile umbo la kengele.

Kutoka Göttingen mpaka kwenye mitandao ya umeme

Miaka 115 nyuma ya kifo chake, njia yake iliingia katika vyumba vya kuongoza umeme. Mwaka wa 1970, mtaalamu wa Marekani Fred Schweppe alionyesha namna ya kukadiria hali ya mtandao mzima wa umeme kutoka kwa vipimo vichache vyenye makosa. Alitumia miraba midogo zaidi, akiwapa vipimo vya kuaminika uzito mkubwa kuliko vile vya mashaka. Leo mitandao mikubwa duniani inaendeshwa kwa makadirio ya namna hiyo, saa zote, usiku na mchana.

Kukadiria sehemu ya jua, maji na upepo ni hatua iliyofuata. Mashini inapewa mifano ya nyumba na vituo vyenye konteri: saa ya siku, mawingu, mvua, maji ya mto, na umeme uliotoka. Inakisia, inalinganisha na ukweli, inapima kosa, na kurekebisha uzito wa kila habari ili jumla ya miraba ya makosa ishuke. Ikiisha kujifunza, inajaribiwa kwa mifano ambayo haijawahi kuona. Ikipita mtihani huo, ndipo inapewa kazi ya kukadiria mahali pasipo konteri. Hesabu ni nyingi kuliko mtu mmoja angeweza kufanya, lakini Gauss angeitambua kazi yake.

Kwa Kongo, jibu linategemea kile kinachohesabiwa. Karibu umeme wote wa mitandao ya nchi unatoka katika maji, kuanzia Inga mpaka Ruzizi. Katika Kivu ya Kaskazini, kituo cha Matebe kwenye mto Rutshuru, chenye nguvu ya megawati zaidi ya 13, kilifunguliwa mwishoni mwa 2015 na mradi wa hifadhi ya Virunga. Mtu akitazama karatasi tu, atasema nchi imemaliza kazi ya umeme safi. Lakini karatasi hiyo inahesabu waya, na katika Kongo ni karibu mtu mmoja kati ya watano tu aliye na umeme. Haihesabu grupu ya duka la Rubaya, wala paneli ya kituo cha afya ndani ya pori la Walikale.

Turudi kwenye kile kijito cha mfano. Turbini ya kilowati 21 ikizunguka saa 24, inatoa kilowati-saa 504. Tuseme paneli za kijiji zinaongeza 48, na grupu moja ya kilowati 30 inafanya kazi saa 6, inatoa 180. Ukihesabu waya wa turbini peke yake, umeme safi ni asilimia 100. Ukihesabu vyote, ni karibu asilimia 75. Kiangazi kikija na turbini ikashuka mpaka kilowati 12, huku grupu ikizunguka saa 12, sehemu hiyo inashuka mpaka asilimia 48. Kijiji ni kimoja, kijito ni kimoja, na majibu ni matatu.

Hapo ndipo hatari iko. Wenye kutoa feza, na wenye kuamua ni mto gani utajengewa turbini na ni kijiji gani kitapata waya, wanasoma namba. Mashini iliyojifunza katika miji yenye konteri itakadiria vibaya mahali ambapo hakuna aliyepima kitu, ambapo barabara ni tope na watu wamekimbia mapigano. Itatoa namba bila kusita, lakini nguvu ya namba hiyo itakuwa ndogo. Gauss hakutoa kadirio bila kupima ukubwa wa kosa lake, na hakuanza bila vipimo vya kweli, hata kama vilikuwa vichache. Siku 41 za Piazzi zilitosha kuirudisha Ceres. Konteri chache zilizowekwa vizuri huko Masisi na Walikale, na daftari la lita za mazutu zinazonunuliwa kila juma, zingeweza kuwa mwanzo wa kuwaingiza wakaaji wa huko katika hesabu ambayo mpaka leo inafanywa bila wao.